Kabla ya ankara ya kwanza: kuanzisha kampuni juu ya mradi wa programu huria

Mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi ya maelekezo kwa kompyuta) uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadilisha, ukifika mahali ambapo zahanati, SACCOS au halmashauri inautegemea kila siku, simu huanza kulia. Ripoti ya mwezi haitoki, seva imegoma kuwaka, na anayepigiwa ni kijana aliyeandika sehemu ile ya msimbo miaka minne iliyopita akiwa chuoni. Mara ya kwanza anasaidia bure, mara ya pili bure, mara ya kumi anazima simu. Hapo ndipo wazo la kampuni huzaliwa. Makosa nayo huzaliwa papo hapo, kwa sababu watu hukimbilia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kabla ya kukaa chini na kuandika kipi ni cha mradi na kipi kitakuwa cha kampuni. Tuliopita njia hii hapa Tanzania tumelilipia kosa hilo kwa pesa, kwa usingizi na kwa urafiki uliovunjika.

Kwanza, tuache kujidanganya kwamba michango itatosha. Aprili 2014 lilipotangazwa tundu la usalama la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilibainika kwamba michango iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Ikiwa programu ile ilikosa walipaji, mfumo wetu wa stoo ya dawa utawapata wapi?

Biashara yenyewe si ngeni. Mwaka 1989 John Gilmore, Michael Tiemann na David Henkel-Wallace walianzisha Cygnus Support huko California kwa mtaji wa dola 6,000, wakiuza msaada kwa programu za GNU, mradi wa programu huria, ambazo kila mtu aliweza kuzichukua bure. Mwaka wa kwanza walisaini mikataba ya dola 725,000. Fedha ilikuwapo, ila kila mkataba ulidai kazi ya aina yake, na nguvu ya wahandisi ikatawanyika. Kilichowaokoa ni kupunguza wigo: kitafsiri cha GCC kinachogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa (compiler), kitafuta hitilafu cha GDB na zana zinazoambatana navyo, vikatolewa kama bidhaa moja yenye matoleo ya mara kwa mara. Mwaka 1999 kampuni ya programu huria ya Red Hat ikatangaza kuinunua kampuni hiyo. Sisi huku tunarudia kosa lao la mwanzo karibu kila mara: tunasaini mkataba wa kwanza na kuahidi lolote linalohusu kompyuta, hadi kuvuta nyaya za mtandao.

Nani anamiliki msimbo

Kabla ya jina, kabla ya nembo, fungua hazina ya msimbo na uendeshe amri ya `git shortlog -sne` ya Git, zana inayotunza historia ya msimbo. Utapata orodha ya kila aliyechangia, barua pepe yake na idadi ya mabadiliko aliyoyafanya. Pitia jina kwa jina, ukiuliza: wakati ule alikuwa ameajiriwa na nani? Nani alimlipa? Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida ni ya mwajiri, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Kwa hiyo sehemu iliyoandikwa na mhadhiri katika saa za chuo, au na mtaalamu aliyelipwa na mradi wa wafadhili, huenda si yake kuitoa. Omba barua ya mwajiri inayokubali kwamba msimbo ule umetolewa chini ya leseni ya mradi. Barua ya ukurasa mmoja inaweza kuchukua miezi miwili kuipata. Ianze mapema, maana mwanasheria wa mteja mkubwa ataiuliza siku moja, na siku hiyo hutakuwa na miezi miwili.

Halafu soma leseni kwa macho ya mfanyabiashara. Leseni za MIT, BSD na Apache 2.0 zinamruhusu yeyote kuuza huduma juu ya msimbo wako, hata kuufunga ndani ya bidhaa yake. GPL inamtaka anayesambaza programu atoe na msimbo alioubadilisha. AGPL inaenda mbali zaidi, kwani inamgusa hata anayeiendesha kwenye seva na kuwahudumia watu kupitia mtandao bila kuwapa nakala. Kwa programu nyingi za ofisini siku hizi, AGPL ndiyo yenye meno.

Wengine huvutiwa na njia ya MySQL AB ya Sweden, kampuni ya programu ya hifadhidata: programu ileile chini ya GPL kwa kila mtu, na leseni ya kibiashara kwa asiyetaka masharti ya GPL. Njia hiyo iliwezekana kwa sababu kampuni ilikuwa na haki juu ya msimbo wote. Kama mradi wako una wachangiaji 60 na hakuna aliyesaini chochote, usiiwaze. VideoLAN, waundaji wa kichezeshi video cha VLC, walipotaka kubadili leseni ya injini yake kutoka GPL kwenda LGPL yenye masharti mepesi zaidi, iliwabidi kuwatafuta wachangiaji mmoja mmoja waombe ridhaa.

Kwa hiyo amua sasa. Kama utauza huduma tu, kila mchangiaji aweke mstari wa `Signed-off-by`, yaani kiapo kifupi kwamba ana haki ya kutoa alichotoa, inatosha. Kama unataka kuuza leseni ya pili, utahitaji mkataba wa mchangiaji unaoipa kampuni haki hizo, na lazima uwaambie watu wazi kwa nini unautaka. Sisi tunapendelea njia ya kwanza, kwa sababu ambayo kampuni nyingi hazipendi kuisikia: inaifunga kampuni mikono isije ikabadili leseni peke yake. Kampuni za programu zilizokuwa huria zimefanya hivyo, zikaleta masharti makali zaidi: Elastic walibadili leseni Januari 2021, HashiCorp Agosti 2023, Redis Machi 2024. Kila mara watu wengine walichukua msimbo wa zamani na kuuendeleza chini ya jina jipya: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Miradi ile ilikuwa na makampuni makubwa ya kuibeba upande wa pili. Mradi mdogo wa Kiswahili ukigawanyika hivyo, unakufa pande zote mbili.

Jina lina thamani kuliko msimbo, na ndilo linalosahaulika. Leseni ya Apache 2.0 inasema waziwazi kwamba haimpi mtu haki ya alama ya biashara. Kusajili kampuni BRELA hakukupi alama hiyo pia. Ni maombi mengine. Programu huombewa daraja la 9 na huduma za kompyuta daraja la 42, na kila daraja lina ombi na ada yake. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, kwa hiyo cheti cha Bara hakikulindi Unguja wala Pemba.

Ushauri wetu ni kuipa kampuni jina tofauti na la mradi. Kampuni ikiitwa sawa na mradi, siku ikifilisika mradi nao utaonekana umekufa, na mfilisi anaweza kuliuza jina pamoja na meza na viti. Jina la mradi lishikwe na chombo kisicho cha faida, au angalau kwa hati inayosema kampuni inalitunza kwa niaba ya wachangiaji. Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, walilipeleka jina hilo kwa taasisi ya WordPress Foundation mwaka 2010, miaka mitano baada ya kampuni kuanza. Wewe usingoje miaka mitano. Angalia pia kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kimelipiwa na akaunti ya nani. Mara nyingi ni kadi ya mtu ambaye hajagusa mradi tangu ahitimu.

Kisha waambie watu. Hili ndilo zito kuliko yote. Mchangiaji aliyekesha akitafsiri skrini 400 kwa Kiswahili, akisikia kutoka kwa mtu wa pembeni kwamba kuna kampuni inatoza pesa kwa kazi ile, huumia kama aliyeibiwa, na ana haki ya kuumia. Waeleze kabla ya kusajili: nani ni wanahisa, kampuni itauza nini, nini kitabaki huru milele, na ni sehemu gani ya mapato itarudi kulipia kazi za mradi zisizo na mteja. Weka wachangiaji wasio waajiriwa katika kamati inayoamua nini kiingie kwenye msimbo, na wawe wengi kuliko waajiriwa. Utapoteza mijadala kadhaa. Ukijikuta hupotezi hata mmoja, kamati hiyo ni ya jina tu.

Usajili

Usajili wenyewe ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa ORS wa BRELA kwa namba ya NIDA, unaangalia kama jina lipo wazi, unapakia katiba ya kampuni na taarifa za wakurugenzi, wanahisa na wamiliki wanufaika. Ada hupanda kulingana na mtaji wa hisa, kwa hiyo usiandike mtaji wa milioni 100 kwa kujionyesha. Baada ya hapo TIN ya kampuni, leseni ya biashara, akaunti ya benki. Katika malengo ya kampuni taja ushauri, mafunzo, matengenezo na utengenezaji wa programu.

Kigumu ni hisa. Marafiki wanne wanagawana 25% kila mmoja, wanapigana picha, na baada ya miezi 8 mmoja anapata kazi Ulaya na kuondoka na robo ya kampuni. Andikeni mkataba wa wanahisa unaosema hisa zinakomaa kwa miaka 4: anayeondoka kabla ya mwaka haondoki na kitu, na baada ya hapo anapata sehemu kila mwezi. Kuandika jambo hili mkiwa mnapendana kunaonekana kama kutoaminiana. Liandikeni hivyohivyo.

Bei ya saa

Wengi hupanga bei kwa kuuliza jirani anatoza ngapi. Hesabu inayofaa huanzia kwenye mshahara. Mwaka una siku 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Toa likizo ya kisheria ya siku 28 mfululizo, ambayo ni siku 20 za kazi; toa sikukuu, tuseme 17, na siku 3 za kuugua. Zinabaki 220, sawa na saa 1,760. Lakini mikutano, zabuni mlizoshindwa, kujifunza na safari zitakula sehemu. Chukua 60% kuwa ndizo zinazofika kwenye ankara: karibu saa 1,050.

Mhandisi wa mshahara wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi ni milioni 36 kwa mwaka. Ongeza 10% ya mwajiri ya NSSF, milioni 3.6, na 0.5% ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, shilingi 180,000. Jumla ni 39,780,000. Mkifika waajiriwa 10, kuna tozo ya ufundi, SDL, ya 3.5% juu yake. Ofisi, umeme, intaneti, mhasibu na seva za majaribio huongeza kama 40%, tunafika 55,692,000. Gawanya kwa 1,050: shilingi 53,000 kwa saa, na hapo hakuna faida hata senti. Sasa tenga 20% ya mapato kwa ajili ya mradi, yaani kusafisha msimbo, kuandika maelekezo, kutoa matoleo: gawanya kwa 0.8, ni 66,300. Ukimtoza mteja 40,000 kwa sababu jirani anatoza hivyo, kila saa unayofanya kazi inakuongezea deni.

Hiyo 20% ndiyo hukatwa kwanza pesa ikipungua, na ndiyo sababu ya kampuni kuwapo. Iweke kwenye akaunti tofauti siku malipo yanapoingia.

Mkataba

Msimbo mteja anaupata bure, kwa hiyo mkataba wako unauza muda wa watu wanaoujua na uhakika wa kuwapata. Andika muda wa kujibu, usiandike muda wa kutengeneza. Hitilafu nyingine huisha kwa dakika 10, nyingine huhitaji wiki mbili na msaada wa mradi mwingine tunaoutegemea. Madaraja matatu yanatosha: mfumo umesimama kabisa au data inapotea, tunajibu ndani ya saa 2; kazi kuu imekwama lakini ipo njia ya kuzunguka, siku hiyohiyo; maswali na maombi, siku 3 za kazi. Usiahidi saa 24 siku 7 kwa timu ya watu watatu. Wiki ina saa 168, na saa za kawaida za mfanyakazi mmoja kisheria ni 45. Ukiweka likizo na ugonjwa, zamu ya mtu mmoja tu inataka watu watano. Uza saa za ofisi, na wikiendi iwe na bei yake.

Taja matoleo unayoyahudumia: la sasa na moja lililotangulia. Mteja aliyegoma kupandisha toleo kwa miaka mitatu atakula muda wa wengine wote. Taja pia yasiyohusika, kama vile mashine, umeme, intaneti na makosa ya kuingiza data. Nakala rudufu ziandikwe ni za nani kuzitunza, na ziwe zinajaribiwa kwa kurejeshwa kila robo mwaka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa tusiihesabu.

Kipengele kinachoua kampuni hizi kinakaa kwenye ukurasa wa nyuma: "kazi zote zitakazotokana na mkataba huu ni mali ya mteja." Ukisaini hivyo, maboresho hayawezi kurudi kwenye mradi. Pendekeza maneno mengine: mteja anamiliki data yake, mipangilio yake na nembo yake, maboresho ya jumla yanatolewa chini ya leseni ya mradi, na mteja anayatumia daima bila malipo zaidi. Mweleze faida yake kwa lugha ya pesa: boresho likiingia kwenye mradi, toleo lijalo linakuja nalo, likibaki kwake peke yake, atalipia kulihamisha kila mwaka.

Na hesabu hiyo inakuhusu wewe pia. Wateja saba wenye misimbo saba tofauti maana yake kila kiraka cha usalama, yaani rekebisho la kuziba tundu, kinawekwa na kujaribiwa mara saba. Kwa saa 6 kila kimoja ni saa 42, wiki nzima ya mhandisi mmoja, kwa kiraka kimoja.

Katika zabuni za umma zinazopita kwenye mfumo wa NeST utakutana na sharti la barua ya idhini ya mtengenezaji. Programu huria haina mtengenezaji wa kutoa barua hiyo. Usikae kimya ukangoja kukatwa: uliza ufafanuzi katika muda ulioruhusiwa, ambatanisha leseni ya mradi na barua ya kamati ya wachangiaji. Sharti jingine ni hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita, ambazo kampuni changa haina. Miaka miwili ya mwanzo ingia kama mkandarasi mdogo chini ya kampuni kongwe, lakini mkataba wenu useme malipo yako yanatoka ndani ya siku ngapi baada ya wao kulipwa.

Wagonjwa na wanachama wana majina. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kampuni inayochakata taarifa hizo inapaswa kujisajili kwa Tume, PDPC. Usinakili hifadhidata ya mteja kwenye kompyuta yako ili kutafuta hitilafu. Tengeneza data ya kubuni yenye umbo lilelile, au fanyia kazi kwenye seva yake kwa ruhusa ya maandishi.

Pesa inavyopotea njiani

Ankara ya shilingi milioni 10 yenye VAT ya 18% inasomeka 11,800,000. Mteja asiyezuia sehemu ya VAT yenyewe anakata kodi ya zuio ya 5% ya ada, 500,000, na kukulipa 11,300,000. Dai cheti cha zuio palepale, maana ndicho kitakachopunguza kodi ya mapato mwisho wa mwaka. Kisipokuwapo, kodi hiyo umeilipa mara mbili. Halafu milioni 1.8 ya VAT inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja hajalipa. Kwa kuwa gharama yako kubwa ni mishahara, huna VAT ya manunuzi ya kutosha kuipunguza. Mteja akichelewa siku 120, umeikopesha taasisi kubwa kuliko wewe, na kodi yake umeibeba wewe. Gawanya kazi katika hatua ndogo, kila hatua iwe na hati ya kukubaliwa iliyosainiwa, na ankara itoke kwa hatua hiyo tu. Omba malipo ya awali ya 30%. Na kabla ya kuajiri mtu, uwe na mishahara ya miezi 4 benki. Mitatu tumeiona haitoshi, kwa sababu Juni na Julai, mwaka wa fedha wa serikali unapogeuka, malipo husimama.

Kuna swali la kuuza vipengele vya ziada visivyo huru. GitLab, kampuni inayouza zana za waandishi wa programu, waliweka mpaka unaoeleweka: anachohitaji mtumiaji wa kawaida kiwe huru, anachohitaji meneja au mkurugenzi kilipiwe. Ukifuata njia hiyo, andika mpaka wako hadharani, na usichukue kamwe kilichokuwa huru ukakifunga. Kiraka cha usalama hakiuzwi. Zahanati ya kijijini inayotumia toleo la bure ina siri za wagonjwa sawasawa na hospitali ya rufaa inayolipa, na kiraka kiwafikie wote siku moja.

Mara mbili kwa mwaka fanyeni jaribio: mtu muhimu kuliko wote anakaa nje wiki mbili, bila simu, na timu inatoa toleo kamili bila yeye, tangu kusaini faili kidijitali, ili watumiaji wajue ni letu kweli, hadi kulipandisha kwenye tovuti. Funguo za kusaini ziwe kwa watu watatu, mmoja wao asiwe mwajiriwa wa kampuni. Andikeni kila kinachokwama. Mara ya kwanza hukwama mapema, mara nyingi kwenye akaunti ya kikoa, kwa sababu namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya aliyeko likizo.